Nyama za Paja na Hesabu za Watafiti

Kila anayefuatilia mpira wa Tanga amewahi kuliona tukio hili, iwe Mkwakwani kwenye mechi ya ligi au kwenye uwanja wa mchangani kule Makorora. Winga anaukimbilia mpira uliopigwa nyuma ya mabeki, hajaguswa na mtu, na ghafla anashtuka kama aliyepigwa jiwe. Wengine hugeuka kabisa kumtafuta aliyerusha. Anachechemea hatua mbili tatu, anakaa chini, mkono nyuma ya paja. Kabla hajafikishwa pembeni majibu yameshatolewa: huyu anasema hakupasha vizuri, yule anasema hakunywa maji, na mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi anakata shauri, "Mgosi, huo msuli umevuta tu. Leteni mafuta achuliwe, Jumapili anacheza."

Nimelichagua jeraha hili, la kuchanika nyama za nyuma ya paja, ili kueleza jambo pana kidogo, yaani namna watafiti wa michezo wanavyofikia kusema kwamba zoezi fulani linakinga au tiba fulani inafaa. Ni vigumu kupata jeraha la mpira lililochunguzwa kwa wingi kama hili na bado likaendelea kuwashinda wenye mpira. Jan Ekstrand wa Sweden na wenzake wamekuwa wakihesabu majeraha katika klabu kubwa za Ulaya tangu msimu wa 2001/02. Msimu ule nyama za paja zilichukua asilimia 12 ya majeraha yote. Kufikia msimu wa 2021/22 zilikuwa zinachukua asilimia 24. Klabu hizo zina madaktari, zina wataalamu wa fiziotherapia, zina mashine za kupimia nguvu na vifaa vinavyohesabu kila mita anayokimbia mchezaji, na sehemu ya jeraha hili imeongezeka maradufu mbele ya macho yao. Kwa hiyo anayedhani kwamba tatizo letu ni kukosa vifaa tu, na asubiri kidogo.

Nyama zenyewe ni misuli mitatu inayoanzia kwenye mfupa tunaoukalia na kushuka nyuma ya paja hadi chini kidogo ya goti, mmoja ukielekea upande wa nje na miwili upande wa ndani. Kwa kuwa inapita kwenye nyonga na kwenye goti pia, inafanya kazi mbili ambazo kila mtu anazijua, kurudisha paja nyuma na kukunja goti. Kazi inayoichana ni nyingine. Mtu akikimbia kwa kasi yake yote, mguu ulio hewani hutupwa mbele kwa nguvu, na kabla haujakanyaga chini lazima pawe na kitu cha kuukamata usiendelee kwenda. Kinachoukamata ni misuli hii. Wakati huo paja liko mbele na goti linanyooka, kwa hiyo msuli unavutwa urefuke, na papo hapo unatakiwa ukaze. Mvuvi wa ngalawa anaijua kazi hiyo kwa mikono yake: upepo unalivuta tanga, naye anailegeza demani, ile kamba ya tanga, kidogo kidogo bila kuiachia. Kamba inakwenda, lakini mkono umekaza, na ni wakati huo kamba inapokwenda ndipo kiganja kinapochunika. Msuli unaokaza huku unarefuka hubeba mzigo mkubwa kuliko ule unaokaza huku unafupika, na nyuzi zake hukatikia hapo, mara nyingi zaidi zile za msuli wa upande wa nje. Ndiyo maana winga wetu hakuhitaji kuguswa na mtu.

Hapa tumtoe kwanza yule aliyesema habari ya maji. Anachokisema kinahusu mkakamao, yaani ule msuli unaojikunja na kuwa mgumu kama jiwe dakika ya 80, ambao mwenzako akikushika wayo na kuukunja kuelekea kwako unaachia, na unainuka ukaendelea kucheza. Joto la Tanga pamoja na unyevu wa bahari vinafanya watu wengi wauone mkakamao mara kwa mara na kuuita kwa jina lile lile la "msuli kuvuta." Mkakamao na kuchanika ni mambo mawili. Mkakamao unaondoka na nyuzi zake zikiwa nzima. Msuli uliochanika una nyuzi zilizokatika na damu iliyovuja ndani yake, na hauponi kwa maji.

Sasa tuje kwenye kinga. Zoezi linalotajwa sana linaitwa la Nordiki, na ubora wake mkubwa ni kwamba halihitaji chochote ila mkeka na mtu wa kukushika. Mchezaji anapiga magoti, kifua wima, na mwenzake anakaa nyuma akimkandamiza vifundo vya miguu visinyanyuke. Kisha mchezaji anajiachia mbele polepole, mwili umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, bila kuvunja kiuno, akipambana na uzito wake mwenyewe kadiri anavyoweza. Kwa mara ya kwanza wengi hawafiki hata nusu ya njia. Unaona mapaja yanatetemeka, uso unakunjamana, halafu ghafla anaanguka na kudaka chini kwa viganja. Anajisukuma arudi juu, anaanza tena. Kinachofanyika hapo ni kile kile cha mvuvi na demani: msuli unakaza huku unarefuka. Tofauti na kasi ya uwanjani ni kwamba mchezaji mwenyewe ndiye anayepanga aende pole kiasi gani.

Tunajuaje kwamba linasaidia? Kocha mmoja anaweza kukwambia kwamba tangu alianzishe kwenye timu yake hakuna aliyechanika, na huenda anasema kweli, lakini ushahidi huo ni mwepesi. Huenda msimu huo ratiba ilikuwa na nafasi, huenda mawinga wake wawili wenye historia ya kuumia walihama, na huenda ilikuwa bahati tu. Njia ya kuyaondoa mashaka hayo ni kuchukua watu wengi, kuwagawa kwa kura, nusu walifanye zoezi na nusu waendelee kama kawaida, kisha kuhesabu. Jesper Petersen na wenzake walifanya hivyo nchini Denmark, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Walizichukua timu 50 za wanaume zenye wachezaji 942. Kura waliipiga kwa timu nzima, na uamuzi huo una sababu nyepesi ambayo aliyewahi kufanya mazoezi na wenzake ataielewa: huwezi kumwambia mmoja apige magoti kwenye mkeka na jirani yake akae amtazame, kwani kufikia wiki ya pili wote watakuwa wanalifanya. Timu zilizopata zoezi zililifanya kwa wiki 10, jumla ya vipindi 27, zikianza na kipindi kimoja cha seti mbili za mara tano katika wiki ya kwanza na kupanda taratibu hadi vipindi vitatu kwa wiki, kisha zikaendelea na kipindi kimoja kwa wiki.

Mwisho wa msimu, timu ambazo hazikulifanya zilikuwa na majeraha 52 ya nyama za paja, na zilizolifanya zilikuwa na 15. Namba hizo mbili zimezunguka dunia nzima, na kwa kawaida zinatangazwa kwa kusema kwamba zoezi linapunguza jeraha kwa zaidi ya asilimia 70. Si uongo, lakini asilimia hiyo peke yake inaweza kumfanya msikilizaji adhani kwamba kati ya wachezaji 10 wa timu yake saba wataokolewa. Ukitazama kwa hesabu ya msimu mmoja, kati ya kila wachezaji 100 wasiofanya zoezi waliumia kama 13, na kati ya 100 waliofanya waliumia kama wanne. Watafiti wenyewe waliigeuza hesabu hiyo kwa namna ambayo naiona ni ya haki zaidi kwa kocha: ili kuzuia jeraha moja, inabidi wachezaji 13 walifanye zoezi kwa msimu. Kwa kikosi cha wachezaji 26 basi, matarajio ni majeraha mawili kupungua. Kwa timu ambayo mfungaji wake ni mmoja, mawili si machache.

Ndani ya jumla hiyo kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko jumla yenyewe. Watafiti waliwatenganisha waliokuwa wanaumia kwa mara ya kwanza na waliokuwa wanaumia tena mahali pale pale. Kwa jeraha jipya, wachezaji 25 walipaswa kufanya zoezi ili mmoja aokoke. Kwa jeraha la kujirudia, watatu tu walitosha. Aliyewahi kuchanika ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya kuchanika tena, jambo ambalo karibu kila utafiti wa eneo hili unalikuta, na ndiye zoezi linalomfaa zaidi. Ikiwa una timu ya mtaani Ngamiani au Mikanjuni na huna muda wa kumsimamia kila mtu, anza na wale wanne watano ambao unajua walishika paja msimu uliopita.

Hadi hapo habari inaonekana imekwisha, lakini sayansi haifanyi kazi hivyo. Wachezaji wa Denmark walijua nani anafanya zoezi na nani hafanyi, na hao hao pamoja na watu wa tiba wa timu zao ndio waliotoa taarifa za kuumia. Dawa inaweza kupimwa kwa kumpa mwingine kidonge cha unga mtupu asijue, ila hakuna namna ya kumpa mtu zoezi la uongo la kupiga magoti asigundue. Mwaka 2019 Nicol van Dyk na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizohusisha zoezi hili, wakazijumlisha, na kupata kwamba majeraha yanapungua kwa karibu nusu. Miaka miwili baadaye Franco Impellizzeri na wenzake wakairudia hesabu hiyo kwa masharti makali zaidi, ikiwa ni pamoja na kuziondoa zile tafiti ambazo zoezi la Nordiki lilikuwa moja tu kati ya mazoezi mengi, na wakasema kwamba kilichobaki hakitoshi kukata shauri. Ukisoma makala hizo mbili moja baada ya nyingine unaweza kudhani mmoja wao anadanganya. Wote wawili wanasema kweli kwa kadiri ya maswali waliyoyauliza: wa kwanza aliuliza kama timu zenye zoezi hili ndani ya ratiba zao zinaumia kidogo, na wa pili akauliza kama tunaweza kulihusisha punguzo hilo na zoezi lenyewe tukiliondoa kwenye mchanganyiko. Kwa mtafiti tofauti hiyo ni kubwa. Kwa kocha wa Chumbageni, ambaye gharama yake ni mkeka na dakika 10, naona hakuna sababu ya kusubiri ugomvi wao uishe.

Lililo gumu zaidi ni lingine kabisa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, Roald Bahr wa Norway, Kristian Thorborg wa Denmark na Ekstrand waliziuliza klabu za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na za ligi kuu ya Norway kama zinalifanya zoezi hili jinsi utafiti wa Denmark ulivyoelekeza. Kati ya misimu 150 ya klabu waliyoihesabu, kila klabu ikihesabiwa mara moja kwa kila msimu, ni 16 tu iliyokuwa na zoezi kwa ukamilifu. Yaani klabu zenye kila kitu zilikuwa zimesoma, zimeelewa, na hazikufanya. Anayelijua zoezi hili anaelewa kwa nini. Mtu aliyelianza jana anaamka leo hawezi kukaa chini wala kuinuka bila kujishika kwenye ukuta, na hakuna kocha mwenye mechi keshokutwa atakayeyataka maumivu hayo kwa winga wake. Mpango wa wiki 10 uliandikwa hivyo, mwanzo mdogo na kupanda polepole, hasa ili kuepuka maumivu hayo. Timu nyingi huruka wiki tatu za mwanzo, zinaumia, zinaacha. Kisha faida yake haionekani. Bao linaonekana, kadi nyekundu inaonekana, lakini jeraha ambalo halikutokea hakuna anayelishangilia.

Kwetu kuna kikwazo cha ziada. Timu za ndondo hukusanyika siku chache kabla ya mashindano, hucheza mfululizo wiki mbili tatu kwenye viwanja vya mchanga, halafu kila mtu anarudi kwenye shughuli zake: wa bodaboda kwenye bodaboda, wa bandarini bandarini. Hakuna wiki 10 za maandalizi. Kinachowezekana ni mchezaji kulichukua zoezi liwe lake, alifanye nyumbani mara moja au mbili kwa wiki mwaka mzima na mdogo wake akimshika miguu, hata kama timu haipo. Hilo halikupimwa na Petersen wala siwezi kuliwekea asilimia, ila linafuata mantiki ile ile.

Kwa timu zinazokutana kila wiki, upo mpango mpana zaidi uliotolewa mwaka 2006 na kituo cha tiba cha FIFA pamoja na washirika wake, unaojulikana kama 11+. Ni mazoezi 15 ya kupasha, yanachukua kama dakika 20, na Nordiki ni mojawapo. Mengine ni ya kukimbia, kuruka na kutua, kusimama kwa mguu mmoja na kukaza tumbo na mgongo. Mpango huo ulipimwa kwa wasichana wa Norway wenye umri wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa sisi utafiti wa kutazamwa ni ule wa Nigeria. Oluwatoyosi Owoeye na wenzake waliupima mpango huu katika ligi ya vijana ya Lagos, timu 20 zenye wachezaji 416, wakazigawa kwa kura, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba majeraha kwa ujumla yalipungua kwa asilimia 41 na ya miguu kwa asilimia 48. Lagos ni mji wa pwani wenye joto na unyevu kama wetu, na vijana wake ni wa ligi ya ridhaa. Kila mara ninaposikia kocha akisema kwamba mambo haya ni ya Wazungu namtajia Lagos.

Na kujinyoosha? Mtu wa kwanza pale pembeni alisema winga hakupasha vizuri, na kwa watu wengi kupasha maana yake ni kusimama mguu mmoja, kuuvuta wa pili nyuma, kuhesabu hadi 10 na kubadilisha. Rodney Pope na wenzake waliwafuatilia askari wapya 1,538 wa jeshi la Australia kwa wiki 12, nusu yao wakinyoosha makundi sita ya misuli ya miguu, sekunde 20 kila moja, kabla ya kila zoezi. Matokeo ya mwaka 2000 hayakuonyesha punguzo la maana la majeraha. Kumbuka kwamba askari wale wote, wanyooshaji na wasionyoosha, walipasha mwili. Kwa hiyo utafiti haukuhukumu kupasha. Ulihukumu kule kusimama na kuvuta. Ukitaka kupasha, kimbia, ongeza kasi hatua kwa hatua, geuka, ruka, hadi jasho litoke.

Sasa winga ameshaumia na yuko kwenye benchi, na mkono wenye mafuta unamkaribia. Napenda kusema wazi kwamba sina ugomvi na wachua misuli. Mkandaji mzuri anajua kwa vidole vyake mambo ambayo wengine wanayatafuta kwenye picha, na msuli uliochoka baada ya mechi hufarijika akiugusa. Lakini kwenye msuli uliochanika saa hiyo hiyo, kuchua kwa nguvu ni kuikandamiza mishipa ya damu ambayo ndiyo kwanza inajaribu kuziba, na kukanda kwa maji ya moto kunaongeza damu kufika mahali ambapo tayari imezidi. Siku hizo za mwanzo zinahitaji bandeji ya kubana kiasi, kuacha kukimbia, na kutembea kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Vipande vya barafu vilivyofungwa kwenye taulo, hata vikitoka kwa muuza samaki, vinapunguza maumivu na hakuna ubaya kuvitumia. Ile kanuni ya zamani ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua, iliyosambazwa na daktari Gabe Mirkin wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1978, imelegezwa na mwenyewe miaka ya karibuni: alikiri kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona badala ya kusaidia.

Kosa la kinyume ni kukaa ndani wiki nzima. Monika Bayer na wenzake wa Denmark waliwachukua wanamichezo 50 wa ridhaa waliochanika misuli ya paja au ya shavu la mguu, nusu wakaanza mazoezi ya tiba siku ya pili na nusu siku ya tisa. Kwa ripoti yao ya mwaka 2017, walioanza mapema walirudi michezoni baada ya siku 62.5 kwa kipimo cha katikati, na walioanza baadaye siku 83. Siku saba za kuchelewa kuanza ziligharimu kama wiki tatu mwishoni. Mazoezi ya awali yenyewe ni madogo mno kiasi kwamba mchezaji anaweza kudhani anadanganywa: kukaza msuli bila kuusogeza, kuunyoosha na kuukunja mguu taratibu mara kadhaa kwa siku, kisha uzito kidogo, kisha zaidi.

Aina ya zoezi nayo ina maana. Carl Askling wa Sweden, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, aliwagawa watu 75 waliochanika nyama za paja, wote wachezaji wa mpira wa Sweden, katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa mazoezi yanayoukaza msuli ukiwa umerefuka, jingine likapewa mazoezi ya kawaida yasiyosisitiza urefu. La kwanza lilirudi mazoezini kwa wastani wa siku 28, la pili siku 51. Mantiki ni ile ile tuliyoanza nayo: msuli ulikatikia kwenye kurefuka, basi ufundishwe tena kazi hiyo.

Wengi huuliza kama ni lazima kwenda kupigwa picha ya MRI, kipimo ambacho bei yake mchezaji wa mchangani haiwezi. Arnlaug Wangensteen na wenzake, wakifanya kazi Qatar, waliwafuatilia wanamichezo 180 na kuripoti mwaka 2015 kwamba maelezo ya mgonjwa na mikono ya mtaalamu vilieleza asilimia 29 ya tofauti ya siku za kurudi uwanjani, na picha ikaongeza asilimia 2.8 tu. Somo la namba hizo lina pande mbili. Mtaalamu wa fiziotherapia mwenye meza, mikono na utulivu wa kukusikiliza hajapungukiwa sana kwa kukosa mashine. Lakini hata yeye na mashine kwa pamoja wameacha zaidi ya theluthi mbili bila maelezo, kwa hiyo anayekutajia siku ya kwanza tarehe kamili ya kurudi, kama yule mzee wa Jumapili, anabahatisha.

Hapo ndipo mimi nilipokosea nilipokuwa winga. Maumivu yaliisha siku ya nane, siku ya 12 nikavaa viatu, na katika mechi ya pili nikachanika pale pale, safari hii vibaya zaidi, nikakaa nje miezi mitatu. Maumivu kuisha na msuli kuwa tayari havitokei siku moja. Kabla ya kumrudisha mtu, mtaalamu hulinganisha nguvu ya mguu ulioumia na mzima, hubonyeza pale palipochanika, humtazama akikimbia kwa kasi yake yote katika mazoezi kadhaa mfululizo, siyo mara moja. Mwisho kabisa lipo jaribio la Askling lisilohitaji hata shilingi. Mchezaji analala chali, mguu mzima umeshikwa chini, goti la mguu ulioumia limefungwa lisikunje, naye anauinua mguu huo ukiwa umenyooka kwa haraka yote aliyonayo, mara tatu.  Anaulizwa hasa kama amesita, kama moyo umemwambia azuie. Akisita, hachezi bado.

Siku ile ya 12 nilikuwa natembea, napanda ngazi, na nilikuwa narukuu msikitini bila kuhisi chochote, na rukuu ndiyo niliyoichukua kuwa kipimo changu. Lakini mtu hurukuu polepole. Hakuna aliyenilaza chali akaniambia niurushe mguu.